Namba 114 Ameshafika

Mke wangu aliposikia kwamba ni michezo mitatu kwa mpigo, kuogelea, baiskeli na mbio, tena bila kupumzika katikati, aliuliza swali moja tu: "Kwani una deni na nani?"

Sikuwa na deni. Nilikuwa na tumbo. Mimi ni karani wa mizigo Mombasa, umri miaka 46, na mazoezi yangu ni kukimbia asubuhi pale Mama Ngina, kando ya bahari, kisha kunywa dafu. Siku nyingine huanza na dafu. Aliyenitia katika mambo haya ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu huyohuyo, anayeishi Nairobi na kumiliki baiskeli mbili ambazo bei yake ukiijumlisha inalishinda gari langu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba michezo hiyo mitatu kwa pamoja huitwa traiathloni, kwamba ilianzia San Diego, Marekani, ufukweni Mission Bay, mwaka 1974, na kwamba hii ya porini, ya matope na mawe, ilishika kasi mwaka 1996 kule Maui, Hawaii, katika mashindano ya XTERRA. Ile ya barabarani, alisema, ni ya watu wanaopenda saa. Ya porini ni ya watu wanaopenda raha.

Raha. Ndilo neno alilotumia, na nataka libaki kwenye maandishi.

Basi tukajiandikisha Kilifi: kilomita moja na nusu kuogelea kwenye hori, thelathini za baiskeli mashambani, kumi za mbio. Fomu ilitaka mambo mengi. Jina, kazi, umri, idadi ya watoto, hata ujumbe wako kwa vijana. Nilijaza yote bila kujua yanakwenda wapi.

Waandaaji walikuwa wamelisoma vizuri jedwali la maji kujaa na kupwa. Saa moja kamili asubuhi maji yangekuwa yamejaa na kutulia, na hapo ndipo tungeanza. Tatizo ni kwamba palikuwa na mgeni rasmi. Alifika saa mbili kasoro. Akazungumzia vijana, akazungumzia mihadarati, akazungumzia barabara ambayo ingewekwa lami tangu zamani kama si watu fulani, na kila aliposema "nikimalizia" alikuwa anaanza mada mpya. Bahari haina itifaki. Sisi tumesimama na vikofia vyetu vya kuogelea tukipiga makofi, nayo taratibu inaondoka. Bamvua, ule wakati wa maji kujaa na kupwa kupita kawaida, ilikuwa imepita siku chache tu, na siku hizo pale Kilifi tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita mbili. Wavuvi waliokuwa wamekaa pembeni walikuwa wakitutazama sisi, wakiyatazama maji, kisha wakitazamana. Faida pekee ya hotuba ile ni kwamba jamaa mmoja wa kutoka bara, aliyekuja na suti ya mpira ya maji baridi, alipata muda wa kutosha wa kuambiwa na mwamuzi kwamba kanuni haziruhusu suti hizo kwenye maji ya moto, akaivua. Kuivua kulihitaji watu watatu.

Saa mbili na nusu firimbi ikalia.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, maji siyaogopi. Mpaka boya la kwanza nilikuwa katikati ya kundi, hata nikajisifu moyoni. Boya la pili nililitazama kwa muda mrefu sana. Napiga mikono, nainua kichwa, lipo palepale. Napiga tena, nainua kichwa, limekwenda mbali zaidi. Kijana wa usalama akanijia na kayaki yake.

"Mkubwa, unaelekea India!"

"Naelekea kwenye boya!"

"Boya liko huku. Toka popote penye nchi kavu, ukazungukie kwa miguu."

Popote penye nchi kavu palikuwa ni mikokoni, na mikokoni maji yakipwa hapana nchi kavu. Nilisimama, nikazama mpaka magotini. Nikajaribu kuchomoa mguu wa kulia, wa kushoto ukazidi kwenda chini. Nikajishika kwenye mzizi, nikateleza, nikapakwa matope kuanzia masikioni. Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja, kifua wazi, kikoi kiunoni, ana ndoo na chuma cha kuchokolea kaa.

"Shikamoo, mzee," nikasema, maana matope hayafuti adabu.

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka botini?"

"La, mzee. Niko mashindanoni."

Akaangalia hori lote, juu na chini. Hapakuwa na mtu. "Unashindana na nani?"

Nilikosa jibu. Akaweka ndoo chini, akanishika kwapani, akavuta. Mguu wa kushoto ulitoka kwa mlio ambao sitaueleza hapa. Nikamshukuru, nikaondoka mbio kuelekea walipo wenzangu, na sikujua kwamba mguu umetoka lakini chipu imebaki.

Chipu hiyo ni kidude kidogo kwenye mkanda wa kifundoni, na mkanda umeandikwa namba yako. Kila unapokanyaga zulia maalumu, kompyuta inajua fulani kapita, saa fulani. Bila chipu hujapita. Unaweza kupita mbele ya macho ya wilaya nzima, bado hujapita. Pale penye zulia la kutokea majini wenzangu walikuwa wakilia piip, piip. Mimi nikapita kimya. Kijana wa kompyuta akanitazama, akaipiga kompyuta kofi, akanipungia mkono niende.

Kwenye baiskeli palikuwa na yule mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani na kijitabu cha kanuni. Kanuni inataka helmeti iwe imefungwa kidevuni kabla hujaigusa baiskeli. Si kuvaa tu, kufunga. Mikono yangu ilikuwa na matope hata klipu haikamatiki, na kila nilipokosea yule mama alikuwa akiandika kitu. Mpaka leo sijui alikuwa akiandika nini, labda orodha ya sokoni. Nilipofanikiwa, baiskeli iliyobaki pale ilikuwa yangu peke yake, kwa hiyo angalau sikupata shida ya kuitafuta.

Sasa mkonge. Njia ilipita kwenye mashamba ya mkonge, na ncha ya jani la mkonge ikikaa njiani haitofautishi tairi la baiskeli ya kukodi na la bei ghali. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Afrika Mashariki, kupitia Tanganyika, mwaka 1893, kutoka Florida. Aliagiza miche elfu moja, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Sitini na miwili! Mbuzi wawili wangeimaliza asubuhi moja, na leo hii tairi langu la mbele lingekuwa zima. Lakini mbuzi wa Kilifi hawali mkonge. Wanakula tepe. Zile tepe nyekundu za kutuonyesha njia walikuwa wamezila mstari mzima, na niliwakuta wawili wakimalizia ya mwisho, mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule. Kwa hiyo nilipopata pancha sikuwa na hakika hata kama niko ndani ya mashindano.

Nikapindua baiskeli, nikatoa tyubu, nikaanza kutafuta tundu. Nikiwa hapo nimeinama, ikaja bodaboda kwa kasi, ikasimama, vumbi likanifunika juu ya matope yangu. Nyuma amekaa mtu, sikumtazama vizuri, macho yalikuwa yamejaa.

"Bwana wee," akaniuliza, "umeona mia na kumi na nne?"

Nikadhani ni mtu wa waandaaji, anataka kujua idadi ya waliopita.

"Mia na kumi na nne? Wapi! Waliopita hapa hawafiki hata sitini."

"Haya, ahsante."

Wakaondoka. Nikarudi kwenye tundu langu. Namba 114 ilikuwa imeandikwa begani kwangu kwa wino mweusi usiofutika, chini ya tope la mikokoni.

Baadaye mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alipokuwa akichokoa kaa palepale niliponaswa, chuma kikatoka na mkanda. Akausafisha, akaona kidude, akaona namba. Mali ya mtu. Angeweza kuuacha, lakini moyo ukamkataa, kwani nilikuwa nimemwamkia vizuri. Akaenda mpaka ufukweni, akakanyaga zulia, piip, na kijana wa kompyuta akashukuru Mungu kwamba mashine imepona. Akauliza, "Mwenye huu yuko wapi?" Wakamwambia ameshatoka na baiskeli. Akapita njia ya baiskeli, piip, akaita bodaboda. Wakaizunguka njia yote kwa ile barabara ya matrekta, wakiuliza kila waliyemkuta, mimi nikiwa mmoja wao. Waliponikosa wakaona ni heri wakaningojee mwisho. Piip. Akapitia mlango wa wakimbiaji kwa sababu ndio uliokuwa na kivuli. Piip.

Mimi wakati huo nasukuma baiskeli juu ya kilima kinachotazama hori, maana kiraka kilikataa kushika. Upepo ukaniletea sauti ya spika.

"Mabibi na mabwana! Siamini macho yangu! Wa kwanza! Wa kwanza anakuja! Ni namba 114, kutoka Mombasa!"

Nikasimama.

"Ni karani wa mizigo! Baba wa watoto watatu! Ujumbe wake kwa vijana: fanyeni kazi kwa bidii! Umri wake ni miaka arobaini na sita..." Pakawa na kimya kidogo. "...jamani, kazi ya bandari inachosha!"

Umati ukapiga kelele. "Kimbia, mzee! Kimbia!" Na mzee, watu wazima wakikuambia kimbia unakimbia kwanza, sababu unauliza baadaye. Akashika kikoi kwa mkono mmoja, chipu kwa mkono wa pili, akaukata utepe kwa kifua. Mgeni rasmi alikuwa na mkutano mwingine Malindi na tayari amechelewa, akamvisha medali palepale, wakapigwa picha, akapanda gari akaenda zake. Wa kwanza wa kweli alifika baada ya saa nzima, akakuta viti vya wageni vimeshakunjwa.

Kuhusu zile kilomita kumi za mbio sina la kusema. Nilitembea.

Nilipofika, emsii alikuwa akikunja waya za spika. Akanitazama juu mpaka chini. "Samahani, mkubwa, wa usafi wanapitia nyuma." Nikafuta tope begani kwa mate, nikamwonyesha namba. Akaisoma, akageuka kumtazama mzee, aliyekuwa amekaa chini ya mbuyu na medali yake, soda mkononi, anakula ndizi za wanariadha. Shemeji yangu alikuwa amekaa ubavuni mwake wakipiga picha. Shemeji alikuwa wa nane, ukimhesabu mzee.

Mwamuzi akaja na kijitabu. Alikuwa ameshaandika ukurasa mzima.

"Namba 114 ameondolewa mashindanoni," akasoma. "Ametumia chombo chenye injini. Amepanda bila helmeti. Amemaliza kifua wazi. Amepata msaada wa mtu wa nje."

"Mama, mimi sijafanya hata moja katika hayo."

"Chipu yako imefanya."

"Na mimi niliyezunguka hapa tangu asubuhi?"

Akafungua ukurasa mwingine, akapitisha kalamu kuanzia juu hadi chini. "Wewe toka uingie majini hatujakuona."

Nikauliza habari ya medali. Wote tukamtazama mzee. Alikuwa ameishika, anaigeuzageuza juani, wajukuu wake wawili wameshafika na wanangoja zamu ya kuivaa. Hakuna aliyesogea. Medali aliyovishwa na mgeni rasmi, kuna picha, nani aende akamvue mzee wa watu?

Nikamwendea, nikamshukuru kwa kunirudishia chipu, maana ingepotea ningelipa. Akasema si kitu, hiyo ni kazi ya binadamu. Kisha akanielekeza kwa kidevu: "Ila yule kijana wa boda anakungoja. Nimemwambia utamalizana naye wewe."

Kijana alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, kofia usoni.

"Ngapi?"

"Mia nane, bosi."

"Mia nane! Kutoka ufukweni, kuzunguka shamba, kurudi hapa? Mia tatu inakutosha."

Akainua kofia, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Bosi, namba moja kwa mia tatu umeiona wapi?"