Programu Ilisema Milimita 12

Kabla hamjaiamini ile video ya injinia topeni inayozunguka kwenye makundi, nisikilizeni, maana injinia mwenyewe ni mimi. Aliyeirekodi ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, na siku ya kuzikana naona imekaribia. Sikulia. Ile "uuuwi!" nayo si sauti yangu. (Haya, ni yangu.)

Wa Ahero, huku Kisumu, mnaujua ule udongo mweusi wa pamba. Kiangazi ni mgumu kama tofali, una nyufa za kumeza simu. Mvua ikikolea unavimba, unalainika, ukiukanyaga unaondoka na nusu ya shamba kwenye soli. Sampuli zetu za udongo wa kiwanja cha nyumba zilichukuliwa Februari, jua likiwaka. Maabara ikatoa namba tamu, zikaingia kwenye programu ya kompyuta inayokadiria udongo utabeba uzito gani na nyumba itatitia kiasi gani. Aprili, masika yamekolea, mwenye kiwanja akasema anataka kuelezwa ana kwa ana, hapohapo kiwanjani. Nikaenda na laptopu na viatu vya ngozi. Gambuti zilikuwa kwenye gari, msiniulize.

Na msianze kuzitukana hizi programu, mimi nazipenda. Ukikagua kwa mkono kama mteremko utaporomoka, kwa ile njia ya hesabu ya Bishop ya 1955, duara moja tu la mporomoko (njia moja ambayo udongo ungeweza kuteleza) linakula asubuhi nzima. Kompyuta inapitia maelfu kabla chai haijapoa. Tena inapaka rangi! Mteja akishaona buluu na nyekundu, anasahau kubishana bei. Ila rangi zinapendeza vilevile, uwe umeilisha udongo wa leo au wa Februari.

Basi nimesimama ukingoni, laptopu mkononi, sauti nimeishusha ya kikazi. "Mzee, hapa udongo unabeba kilopaskali 150, yaani kama tani 15 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yako itatitia milimita 12 peke yake. Milimita, mzee." Nikapiga hatua kumwonyesha pembe ya msingi.

Mguu wa kushoto ukatua. Ukaendelea kutua.

Kisigino kwanza. Nikajiambia, huu ni unyevu wa juujuu. Kikafuata kifundo, maji ya baridi yakaingia kwenye soksi, nami bado natabasamu na kusema "kama mnavyoona". Nikauinua mguu wa kulia nijitoe, kumbe uzito wote nimeuhamishia kushoto. Jamani, hii ndiyo kazi niliyosomea! Mtu wa kilo 80 akisimama kwa mguu mmoja hafikishi hata kilopaskali 50, na mimi nimetoka kutangaza 150. Tope likapanda polepole, halina haraka, likipiga kasauti ambako sitakaandika hapa kwa heshima ya wazazi wanaonifuata. Lilipofika gotini nilikuwa nimeinyanyua laptopu juu ya kichwa kwa mikono miwili, skrini ikiwatazama watu, na kila mtu anaisoma ile 12 kwa herufi nene.

Kimya.

Fundi mkuu akaokota kipande cha nondo, akakichomeka ardhini karibu nami kwa mkono mmoja. Kikazama chote. Akanigeukia taratibu: "Injinia, hizo milimita ni za hapa ama za huko kwenye kompyuta?"

Hapo ndipo "uuuwi" ilipotoka, maana nilijaribu kucheka nikazama tena.

Walinivuta vijana wanne, kiatu kikabaki. Laptopu ni nzima, asanteni nyote mlioiulizia kabla ya kuniulizia mimi. Mzee hakunifukuza. Sampuli zimechukuliwa upya kwenye mvua hiihii, na fundi amepata alilokuwa akililia tangu mwanzo: mweusi wote unatolewa mpaka tufike kwenye ardhi ngumu. Nimeipa programu namba mpya, ikakubaliana na nondo papo hapo, bila hata kuona haya.

Sasa, anayemjua muuzaji wa kiatu cha kushoto peke yake, namba 43, pale soko la Kibuye, anitumie ujumbe. Na wewe uliyerekodi, nauli ya kwenda kukinunua ni juu yako.