Mashine ya mkate Lamu: inunue kwa kukanda, si kwa kuoka

Wifi yangu wa Langoni, hapa Lamu, amenitumia picha ya mashine ya mkate, ile ya stima inayokanda, kuumua na kuoka yenyewe, chini yake swali moja tu: "Wifi, ninunue?" Nimemjibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp. Kwa kuwa si yeye peke yake anayejiuliza, haya ndiyo niliyomwambia, na mengine niliyoyakumbuka baada ya kutuma.

Wauzaji wa mashine hizi wanapenda kusema kwamba utaokoa pesa. Haya, tupige hesabu. Tuseme mashine ni shilingi 18,000 na mkate wa gramu 400 dukani ni 65. Mkate wa ukubwa huo unakula kama gramu 265 za unga. Paketi ya kilo mbili ikiwa 180, huo ni unga wa shilingi 24 hivi. Tia hamira, sukari, mafuta na chumvi, tuseme 10. Stima ni kidogo kuliko watu wanavyoogopa, chini ya nusu uniti kwa mkate, kwa hivyo weka 12. Jumla 46, umeokoa shilingi 19. Utaoka mikate zaidi ya 900 kabla mashine haijarudisha pesa yake, na hapo hujaharibikiwa na hata mmoja. Anayenunua kwa hofu ya bei kupanda naye asijidanganye. Mwaka 2024 serikali ilipotaka kuutoza mkate kodi ya VAT ya asilimia 16, kisha mwezi wa Juni ikaliondoa pendekezo hilo, niliwasikia watu wakisema dawa ni kuoka nyumbani. Lakini unga nao ni wa dukani, na huku kwetu unapanda boti kutoka Mokowe kama bidhaa nyingine zote.

Halafu kuna swali la ladha. Boflo, yaani mkate wa ngano kama ule wa dukani, Lamu ni chakula cha haraka, cha asubuhi ya watoto wa shule. Mkate tunaousifia ni mwingine. Mkate wa mofa unataka unga wa mtama na ukuta wa mofa uliopashwa moto, na hakuna kitufe cha hiyo. Mkate wa sinia ni mchele ulioroweshwa, ukasagwa na tui na iliki, ukamiminwa, ukapaliwa makaa chini na juu. Ule unataka blenda na subira. Mahamri yanakaangwa. Ukiondoa hayo yote, mashine imebaki na boflo, na boflo lake linatoka na tundu chini, pale kile kipande cha kukandia kinachozunguka kilipokuwa kimekwama. Mimi silioni tatizo, ila mama mkwe wangu aliuliza kama panya wameanza kuingia jikoni.

Basi mbona sikumwambia wifi asinunue?

Kwa sababu kazi kubwa ya mashine hii haikuwa kuoka tangu mwanzo. Kampuni ya Matsushita ya Japani, hawa tunaowajua kwa jina la Panasonic, ilipokuwa ikiitengeneza miaka ya themanini, kuoka hakukuwasumbua sana. Kilichowashinda ni kukanda. Mkate ulikuwa unaungua nje na ndani haujaiva, wakalinganisha hata picha za eksirei za donge lao na la mwokaji, wasipate jawabu. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka iliyosifika kwa mkate wake. Akagundua kwamba yule mwokaji hakuwa akiukanda tu unga, alikuwa pia akiuvuta na kuusokota. Wahandisi wakaongeza mbavu ndani ya chombo ili unga uvutike vilevile, na mwaka 1987 mashine ikaingia sokoni. Bibi yeyote wa Mkomani angeweza kuwaambia hilo bila eksirei, lakini hakuna aliyemuuliza.

Sasa ukiiangalia hivyo, kama mkono wa kukanda, hesabu inabadilika. Karibu mashine zote zina mpango wa kukanda na kuumua tu, bila kuoka, kama saa moja na nusu. Unatia unga nusu kilo, tui, sukari, iliki na hamira, unafunga, unakwenda zako. Ukiwasha baada ya adhuhuri, alasiri donge limeumuka na linakungoja usukume, ukate pembe na ukaange. Donge la ajemi, ule mkate bapa, vilevile. La chapati pia linakubali, mradi lisiwe gumu sana, kwa sababu mota ya mashine hizi ni ndogo na unga mgumu unaichosha.

Na hapa nitasema ninalotaka kusema. Hesabu ya shilingi 19 mara nyingi hupigwa na asiyekanda. Mwanamume anakwambia mkate upo dukani, wa nini mashine, na mahamri anayoyataka kila alfajiri hajui yanaanzia kwenye mabega ya nani. Mwezi wa Ramadhani ndani ya nyumba moja hukandwa unga karibu kila siku, na mkandaji naye amefunga. Nyumba hiyohiyo haikuuliza pampu ya maji itarudisha pesa lini. Mwenye viganja vinavyouma au bega lililokamaa, kwake mimi sina haja ya kalamu wala karatasi. Anunue akiweza.

Ila aijue hali ya hewa yetu. Vipimo vya kwenye kile kitabu chake vimeandikwa kwa jiko la baridi kuliko la kwetu. Jiko la Lamu mwezi wa Februari ni joto tupu, unga unaumuka upesi kuliko mashine inavyotarajia, na ukiuacha uendelee mpaka kuoka, mkate unatoka na kichwa kilichobonyea. Tumia maji au tui la friji, na punguza hamira kama robo. Usitumie kabisa ile saa ya kuahirisha kuanza ukiwa umetia tui au maziwa, maana vitachacha humo ndani kabla unga haujaguswa. Maji ya kisima cha mjini yenye chumvi nayo yatakuharibia ladha, kwa hivyo tia ya kunywa.

Stima ikipotea? Mashine nyingi hukumbuka zilipofikia kwa dakika chache tu. Ikizidi hapo, zinasahau kila kitu. Ikiwa ilikuwa inakanda au inaumua, hujapoteza, toa donge umalizie kwa mkono. Ikiwa ilikuwa inaoka, una donge la uvuguvugu lisilo mbichi wala bivu, na mbuzi wa jirani ndiye atakayefaidi. Hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuipendelea kwa kukanda.

Wapo wanaohitaji mkate wake hasa, na hao nawaheshimu. Aliyeambiwa na daktari apunguze chumvi kwa ajili ya presha ataweza kuipima mwenyewe, ingawa asiitoe yote, kwa sababu chumvi huizuia hamira isikimbie. Mwenye mtoto asiyepatana na maziwa atajua kilichomo ndani. Na watu wa Malindi waliozoea mikate ya Kitaliano yenye gozi gumu la nje, nawaonya mapema kwamba hawataipata humu. Gozi la mashine ni laini, oveni ndiyo inayoweza lile.

Mama wa mahamri ya kuuza yeye simshauri kabisa. Nusu kilo kwa saa na nusu si biashara, na akiilazimisha mashine siku nzima, mota itakufa kabla ya Idi. Huyo aweke akiba ya mashine ya kukandia ya bekari, ndogo yake.

La mwisho ni kwa wale wanaoletewa na jamaa wa ng'ambo. Geuza chombo usome nyuma kabla hujakichomeka. Cha Marekani kinataka volti 120 na cha Japani 100, na ukutani kwetu ni 240. Transfoma ya kukimudu, wakati kinaoka, lazima ibebe wati mia sita au saba bila kupata moto, na hiyo ni nzito na ina bei yake. Ukiuziwa kilichotumika, tia maji kidogo kwenye chombo cha ndani ukiweke juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, ule mpira wa chini umekwisha, na kuupata wa kubadilisha Lamu hii ni kuagiza Nairobi na kungoja. Muombe muuzaji apunguze bei au mrudishie.