Nani Amesema Sonata ya Kinanda Isiondoke Kwenye Kinanda?

Wakati wa mapumziko katika onyesho la muziki wa baroki (wa Ulaya ya karne ya 17 na 18) lililofanyika kanisani, mjini Utrecht, Uholanzi, bwana mmoja aliyeketi nyuma yangu alitangaza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba tumeuziwa bidhaa bandia, kwa kuwa sonata (tungo za ala, zisizo na waimbaji) ambazo Bach, mtunzi Mjerumani, alizitungia kinanda cha kanisa zilikuwa zimegawiwa oboe (ala ya kupuliza), viola da gamba (ala ya nyuzi ipigwayo kwa upinde) na hapsikodi (ala ya vibao ambayo nyuzi zake hudonolewa). Pale nilinyamaza kwa adabu, hapa sitanyamaza.

Tuichukue sonata ya nne, namba BWV 528 katika orodha ya kazi za Bach, iliyomkera kuliko zote. Sehemu yake ya kwanza haikuzaliwa kwenye kinanda hata kidogo. Bach aliitumia mwaka 1723 huko Leipzig, ndani ya kantata yake ya 76 (utunzi wa waimbaji na ala), ikipigwa na oboe d'amore (oboe yenye sauti nzito kidogo) na viola da gamba pamoja na besi, kisha akaihamishia kinandani yeye mwenyewe: sauti mbili za juu akaikabidhi mikono, besi akaiachia miguu. Wanamuziki wale, basi, hawakuharibu kitu. Waliirudisha karibu kabisa na kwao. Tena nyuzi za viola da gamba, zilizosokotwa kwa utumbo wa kondoo, hutoa mkwaruzo mdogo upinde unapozigusa, kabla sauti haijafunguka, na mkwaruzo huo ndio ulioliwezesha sikio langu kuifuata sauti ya pili, ambayo kinandani, ndani ya kanisa lenye mwangwi, mara nyingi humezwa na ya kwanza.

Bach huyohuyo aliichukua koncheto (utunzi wa wapiga ala wakuu wakisindikizwa na okestra) ya Mwitaliano Vivaldi, ya fidla nne, iliyochapishwa Amsterdam mwaka 1711, akaigeuza kuwa ya hapsikodi nne. Walinzi wa uasilia hilo hawalisemi, ilhali wanapokea bila swali noti ya A ipigwe kwa hezi 415 (mitetemo 415 kwa sekunde), kipimo kilichoafikiwa katika karne ya 20 kwa sababu ya urahisi wake, wakati enzi za Bach kila mji ulikuwa na kimo chake cha sauti. Uasilia mtakatifu kwelikweli!

Nakubali, shingo upande, kwamba hapsikodi haiwezi kurefusha noti, na wimbo wa polepole uliotungiwa upinde huifikia ukiwa umekatikakatika.

Lakini kama bwana yule alitaka la kulalamikia, angefungua kijitabu cha programu: jina la Bach lilikuwa kwa herufi kubwa, na aliyekaa na kalamu akaamua sauti ipi iende kwa ala ipi hakutajwa popote.