Tutakuja, Lakini Tupeni Ufunguo

Mume wangu anataka tuhame, mimi nasita. Huu ni mwaka wa tatu tangu tustaafu, na hakuna jioni ya Jumapili inayopita bila mmoja wetu kulianzisha. Huwa ni baada ya simu ya video na wajukuu, pale kioo kinapozima na sebule kurudi kimya. Yeye husema, "Mama, tunangoja nini hasa?" Mimi husimama nikaondoa vikombe.

Naandika kwa sababu naona mjadala huu unaendeshwa vibaya karibu kila nyumba ya wastaafu ninayoijua. Umegeuzwa mizani ya kupima mapenzi. Anayekubali kuhama ndiye anayewapenda wajukuu, anayesita ana moyo mgumu au ameng'ang'ania nyumba na viti vyake. Watoto nao husema "njooni, nafasi ipo", na hawadanganyi. Ila nafasi wanayoiwaza wao ni ya kitanda. Mimi kitanda hakinipi wasiwasi.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda peke yangu kwa binti yetu mkubwa, Kanada, nikakaa miezi mitatu. Nilipokewa vizuri kuliko ninavyostahili. Chumba kilipakwa rangi upya, mjukuu mdogo alinichorea picha akaibandika ukutani, mkwe akaninunulia viatu vya baridi kabla sijaonja baridi yenyewe. Kwa hiyo ninayoyasema hapa si malalamiko ya mzazi aliyetupwa.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Binti na mumewe wako kazini, watoto shuleni. Nikatoka kukung'uta kile kizulia cha mlangoni, mlango ukajifunga nyuma yangu. Ni ile milango ambayo ukiwa ndani unazungusha kitasa tu, ukiwa nje bila ufunguo huingii. Ufunguo sikuwa nao, maana hakuna aliyefikiri ningeuhitaji, hata mimi mwenyewe. Simu ilikuwa mezani, naiona kupitia dirishani. Nimevaa ndala na sweta ya binti, majani ya miti yanaanguka, na namshukuru Mungu baridi ilikuwa bado haijakomaa.

Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipogundua kwamba namba ya simu ya mwanangu siijui kwa kichwa. Jina la mtaa silijui. Kazini kwake nakujua kwa neno moja tu, "kazini". Nimefundisha darasani miaka 34, nimesimamia mitihani, nimetia saini hundi za shule, na pale nilikuwa mwanamke mzee aliyeshika zulia mlangoni kwa mtu. Jirani mmoja alifungua pazia, akanitazama, akalirudisha. Simlaumu, hata mimi ningejiuliza.

Saa nane na nusu basi la shule likamshusha mjukuu wangu mkubwa. Ana miaka 9. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wake uliofungwa kwa kamba ya kiatu, akanifungulia. "Bibi, umekaa nje toka saa ngapi?" Nikamwambia nimetoka sasa hivi. Akanishika mikono, akanyamaza. Mama yake hakuambiwa, si na mimi wala na yeye.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huutaja msemo huo kumcheka mgeni anayeganda. Mimi kule niliuelewa upande wa pili: nilitamani hilo jembe na hakuna aliyenipa. Nikishika sufuria, "Mama, pumzika." Nikianza kukunja nguo, "Mama, acha, mashine itafanya." Kazi niliyoachiwa kwa moyo mmoja ni kukaa na watoto wakirudi shule mpaka wazazi wao wafike, nayo niliipenda, lakini tusidanganyane: hiyo ni kazi ya yaya, na wajukuu hukua haraka. Huyu wa miaka 9, miaka mitatu ijayo atanitaka dakika kumi kwa siku. Saa zilizobaki nitazifanyia nini, na nani?

Kisha kuna daktari. Wiki ya nane nilipata shida ya mkojo, jambo la kawaida kwa umri wangu, lakini si la kusema barazani. Binti alikuwa na mkutano asioweza kuukosa, ikabidi mkwe anipeleke. Lugha yao naisoma vizuri, ila wakiisema haraka inanipita, kwa hiyo mkwe akaketi kati yetu awe mkalimani. Daktari akauliza nini kinanisumbua. Mkwe akanigeukia kwa adabu zake zote, akangoja. Nikasema kichwa.

Nilirudi nyumbani na dawa za kichwa.

Mzee wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu akasema nilijitakia, ningeomba mkalimani wa kituo, huwa wapo. Huenda kweli. Lakini kuomba mkalimani nako kunataka ujue kwamba yupo, ujue unaombaje, na uwe na ujasiri wa kumwambia mkwe wako asubiri nje. Ujasiri huo hautoki kwa mtu ambaye hana hata ufunguo wa nyumba anayolala.

Sheria nazo watu huzirukia, wakizungumza kana kwamba kuhama ni kukata tiketi. Marekani mtoto anaweza kuwaombea wazazi wake ukaazi, lakini awe raia na awe ametimiza miaka 21. Mwenye ukaazi tu hawezi. Na mzazi akishaingia, bima ya serikali ya wazee, Medicare, kwa kawaida haimfungukii mtu asiyewahi kufanya kazi kule mpaka awe ameishi nchini miaka 5 mfululizo, na hata hapo atailipia. Kwa mtu wa miaka 70, hiyo miaka 5 ndiyo yenye homa zote. Uingereza ndiyo kabisa: tangu Julai 2012, mzazi anayetaka kwenda kuishi na mwanawe kama tegemezi lazima athibitishe kwamba uzee, maradhi au ulemavu umemfanya asiweze kujifanyia mambo ya kila siku, kama kuoga na kuvaa, na kwamba matunzo hayo hawezi kuyapata anakoishi. Yaani ukiwa mzima wa miguu huna njia. Ukishalala kitandani ndipo faili lako lisomwe. Australia wao wanahesabu watoto. Angalau nusu ya watoto wako wawe wanaishi kule, au wawe wengi kule kuliko nchi nyingine yoyote. Sisi tuna watatu, kila mmoja na nchi yake. Tungeanguka kabla ya kufungua fomu.

Kanada ndiyo inayotuhusu. Kwa ukaazi wa kudumu, mtoto huahidi serikali kumbeba mzazi kwa miaka 20, Quebec peke yake ndiyo miaka 10. Binti yetu ana miaka 41. Atie saini leo, mzigo wetu atautua akiwa na 61, akiwa naye mstaafu mtarajiwa. Na hata hiyo saini haipatikani kwa kutaka: waliojaza fomu za kuonyesha nia mwaka 2020 ndio waliokuwa wakiitwa miaka iliyofuata, na yeye hakujaza, alikuwa na mtoto mchanga na mambo chungu nzima. Kwa hiyo kinachobaki ni viza ndefu ya wazazi na mababu, inayokuruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja. Mojawapo ya masharti yake ni bima ya afya binafsi ya angalau dola 100,000 za Kanada, na bima za namna hii mara nyingi huyaruka magonjwa uliyokuja nayo. Mzee wangu ana presha na sukari. Akianguka kwa mojawapo, atakayelipa ni binti.

Hapo ndipo mume wangu huinua kidole. Husema mimi nimefanya mambo yote kuwa fomu na hofu, na kwamba hakuna fomu inayomwambia mtu atabakiza miaka mingapi. Ana haki. Mjukuu mdogo humwita "babu wa simu", na mara ya mwisho alipoitwa hivyo nilimwona akiinuka kwenda kuangalia mlango uliokuwa umefungwa vizuri. Anachokiogopa, ingawa hakisemi moja kwa moja, ni mmoja wetu kufa na mwenzake kubaki peke yake kwenye nyumba hii. Hilo sina jibu lake rahisi. Nilichomwambia ni kwamba anayebaki peke yake akiwa na miaka 78 hawezi kuanza kujifunza mabasi ya mji mgeni siku hiyo. Kama ni kuhama, tuhame tukiwa wawili, tukiwa bado tunapanda ngazi. Kungoja mmoja afe ndipo mwingine apakiwe kwenye ndege pamoja na masanduku, hiyo ndiyo namna mbaya kuliko zote, nayo ndiyo watu wengi huichagua, kwa sababu haiwadai uamuzi.

Na kuna mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Kijana wetu wa mwisho anaishi karibu nasi. Ndiye huja bomba likipasuka, ndiye anayempeleka baba yake kliniki kila mwezi, ndiye anayejua dawa ipi asubuhi na ipi jioni. Mwezi uliopita alisikia mazungumzo yetu, akauliza kama mzaha: "Kwa hiyo wale walioondoka ndio wanaofuatwa?" Tukacheka wote watatu. Usingizi sikupata. Wazazi tunapozungumza habari ya kuwa karibu na watoto, huwa tunamaanisha wale waliotukosesha usingizi kwa kuwa mbali. Aliye karibu tumemzoea kama ukuta.

Wala usidhani walio mbali watakaa pale ulipowakuta. Binti amehama miji miwili katika miaka minane kufuata kazi, na sasa mkwe anaongelea mji wa tatu. Yeye ana miaka ya kuanza upya, na kazi mpya itampa watu wapya. Sisi tutakuwa tumemjua mwuza mboga mmoja na jirani mmoja wa kusalimiana, kisha tupakie tena.

Mimi sisemi watu wasihame. Nawajua waliohama wakafurahi, na ukiwachunguza utakuta wana kitu kimoja: hawaishi maisha ya mtoto wao. Mmoja anakwenda kwenye kwaya kwa basi bila kumwambia mtu. Mwingine analima kipande cha bustani cha kukodi, ana ugomvi wake na wenzake wa bustani, na ugomvi ule unampa afya. Wana mlango wao, hata kama ni wa chumba kimoja mtaa wa pili. Wana pesa zao kwenye akaunti yao, hata zikiwa kidogo. Wakigombana na mtoto wana mahali pa kwenda kununa. Hiki cha mwisho msikidharau. Mzazi asiye na pa kununia huwa anageuka mpole kupita kiasi, na watoto hudhani amefurahi.

Pensheni nayo ulizieni kabla, maana kuna mifuko inayotaka ukahakikiwe mwenyewe kila baada ya muda. Nyumba msiiuze mwaka wa kwanza, wala wa pili. Na neno "kudumu" kwenye ukaazi wa kudumu lisiwapumbaze: Kanada inataka uwe umeishi kwao siku 730 katika kila miaka 5, na Uingereza ruhusa ya kuishi bila kikomo kwa kawaida huisha ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Anayedhani atakuwa anakwenda na kurudi apendavyo ashike kalenda kwanza.

Tulipofikia mimi na mzee si uamuzi, ni jaribio. Tutaomba viza, tutakwenda wote wawili, tutakaa miezi mitano, na tutaanzia katikati ya baridi. Kiangazi kila nchi ni nzuri. Nilimpigia binti nikamwambia tungependa chumba cha kukodi karibu na kwake, chenye mlango wake. Akanyamaza kidogo. "Kwani Mama, kwangu kuna nini?" Ndipo nikamsimulia ile Jumanne, miaka miwili baadaye, pamoja na kizulia na jirani wa pazia. Alilia, na mimi nikajuta kidogo, kisha nikaacha kujuta. Kuhusu daktari sikumwambia. Atasoma hapa.

Mzee ameyakubali masharti yangu yote, likiwamo la kwamba hakuna kupanda ndege kabla ya kuijua namba ya simu ya binti bila kutazama. Anaikariri kila asubuhi akinyoa ndevu. Jana alikosea tarakimu mbili za mwisho, akasema ni kwa sababu nilikuwa namtazama.