Krismasi: mpishi naye aende kanisani

Waganda huiita Krismasi Ssekukkulu, na Mswahili akilisikia neno hilo analitambua papo hapo: sikukuu. Ila katika nyumba nyingi za Uganda wapo ambao sikukuu huwapita wakiwa jikoni. Kengele ya kanisa inalia, watoto wameshavaa nguo mpya, na mama na shangazi bado wanapuliza mkaa. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo, kwa sababu luwombo, kuku na mchuzi wa karanga waliofungwa kwenye jani la mgomba, chakula chenyewe cha siku hiyo, hupikwa kwa mvuke wa taratibu na kinaweza kumngoja mpishi mpaka arudi. Kinachotakiwa ni kuipanga kazi mapema.

Matoke, yaani ndizi za kupika, nunua tarehe 22 au 23, mkungu mbichi kabisa, uuweke kivulini mbali na ndizi mbivu, la sivyo utaiva kabla ya siku.

Jioni ya tarehe 24 ni ya majani, na hapa ndipo luwombo nyingi huharibikia. Chagua majani machanga ya mgomba ambayo upepo haujayachana. Pitisha kila jani juu ya mkaa, upande huu kisha ule, mpaka lilegee na kukunjika kama kitambaa. Ukiliharakisha litaungua na kukatika. Usipolipasha vya kutosha litapasuka ukilikunja. Kisha ligeuze, uuparue kwa kisu ule uti mnene wa kati hadi ulingane na jani. Usiuondoe wote, jani litagawanyika. Limiminie maji kidogo: likivuja, litumie kufunikia sufuria.

Kuku lazima apite kwenye mkaa kwanza, ngozi ikauke na kugeuka kahawia. Harufu ile ya moshi haipatikani kwa viungo vya paketi, na kwa maoni yangu luwombo haihitaji zaidi ya chumvi, kitunguu, nyanya na uyoga mkavu. Mwenye friji achinje na kuchoma jioni. Asiye nayo afanye alfajiri, maana nyama iliyoiva nusu haifai kulala kwenye joto.

Saa 11 alfajiri menya matoke, yafunge kwenye majani, yaweke motoni. Wakati yanaiva, koroga unga wa karanga: nusu kilo kwa takriban lita moja ya maji hutosha vifurushi sita. Uwe mwepesi kama uji wa mtoto, kwa kuwa karanga huvimba ndani ya jani. Ukianza na mzito, utafungua donge kavu. Weka kipande cha kuku, mimina mchuzi, kusanya kingo za jani juu na ufunge kwa kamba ya mgomba. Matoke yakishakuwa ya manjano na laini, yakande yakiwa bado ndani ya majani yake, yarudishe, halafu upange vifurushi juu yake vikiwa vimesimama. Chini kabisa kuwe na vikonyo vya mgomba ili chakula kisiguse maji.

Funika kwa majani mengi, punguza mkaa. Kuku wa kienyeji ataka muda wa saa tatu hadi nne, na akizidisha haharibiki. Adui ni mmoja tu: maji kukauka. Jani likiungua, ule uchungu huingia kwenye mchuzi na hautoki. Kwa hiyo abaki mtu mmoja, aliyekwisha kusali kwenye mkesha au atakayekwenda ibada ya pili, aongeze maji ya moto (si baridi, yanakata mvuke) kila baada ya saa moja hivi. Akibaki baba au kijana wa kiume, vizuri zaidi. Kuongeza maji hakuhitaji fundi.

Mkirudi, tandikeni mkeka, sala isomwe, kila mtu apewe kifurushi chake kikiwa kimefungwa. Jajja, yaani bibi au babu, afungue wa kwanza.