Klasta ya seva tatu: je, gigabiti 1 inatosha?

Mwenye ofisi ndogo anayetaka seva zake pepe ziendelee kufanya kazi hata mashine moja ikifa, siku hizi anashauriwa anunue seva tatu, aweke Proxmox, programu ya kuendesha seva pepe, kisha aunganishe diski zote kwa Ceph, programu inayozifanya diski za seva zote ziwe hifadhi moja. Programu hizo ni huria na leseni yake hailipiwi. Pesa inaanza kuuma kwenye mtandao, na hapo ndipo mafundi hawaelewani: wengine wanasema kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde inatosha kuanzia, wengine wanasema chini ya gigabiti 10 usijisumbue. Nimefunga klasta, yaani seva zinazofanya kazi kama kundi moja, za aina zote mbili.

Waya wa gigabiti 1 unapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde. Diski moja ya SSD ya aina ya kawaida (SATA) inasoma zaidi ya 500. Tena Ceph kwa kawaida huweka nakala tatu, na haitoi jibu la "tayari" mpaka zote ziwe zimeandikwa. Kila ankara inayohifadhiwa, nakala zake zinasafiri kwanza hadi seva nyingine. Ukipanga diski sita nzuri nyuma ya waya huo, ni sawa na kununua tangi la lita 5,000 ukalifungia bomba la nusu inchi.

Hata hivyo wanaotetea gigabiti 1 wana hoja. Seva ya mafaili na mfumo wa uhasibu wa watu kumi na tano haviandiki kwa kasi hiyo mchana kutwa. Mara nyingi kinachochelewesha ni SSD za bei rahisi zisizo na kinga ya umeme kukatika, kwa sababu Ceph inadai kila andiko lifike diskini kweli, na diski hizo zikidaiwa hivyo hutambaa. Anayezitumia atanunua kadi za gigabiti 10 na asione tofauti yoyote.

Tofauti inaonekana siku kitu kinapoharibika. Kurudisha terabaiti 1 kwa waya wa gigabiti 1 ni kama saa mbili na nusu, na muda huo waya umejaa. Klasta yangu ya kwanza ilipitisha kila kitu njia moja: Ceph, watumiaji, na Corosync, inayozifanya seva ziulizane kila mara kama wenzake wapo. Corosync inatumia data kidogo sana lakini haivumilii kucheleweshwa. Jioni moja nilibadilisha diski, Ceph ikaanza kunakili, seva zikaacha kusikiana. Ukiwa umewasha HA, yaani kipengele kinachowasha seva pepe kwenye mashine nyingine moja ikifa, seva iliyokosa akidi (isiyosikiana na walio wengi) hujiwasha upya baada ya kama dakika moja. Nilisimama mbele ya kabati nikiangalia taa za seva mbili zikizimika, na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu.

Ndiyo maana kwangu kutenganisha njia kunatangulia kasi. Corosync ipewe waya wake. Gigabiti 1 inaitosha kabisa, na tundu lake tayari lipo kwenye seva.

Kwa upande wa Ceph, wanaosema gigabiti 10 ni ghali huwa wanahesabu swichi. Seva zikiwa tatu, swichi haihitajiki. Kila moja iwekewe kadi ya mtandao ya gigabiti 10 yenye matundu mawili ya aina ya SFP+, kama Intel X520 iliyokwisha kutumika, kisha iunganishwe moja kwa moja na wenzake: nyaya tatu fupi za DAC (nyaya za shaba zinazoingia kwenye matundu hayo), basi. Nyaraka za Proxmox zinaeleza mpangilio huu. Kasoro yake ni kwamba seva ya nne haina pa kuchomeka, na hapo swichi haikwepeki.

Kadi zikikosekana, ipo njia ya ZFS, mfumo wa kuhifadhi data ambapo kila seva inabaki na diski zake na kunakili data kwenda seva nyingine kila dakika 15, au hata kila dakika 1 ukiipanga hivyo. Seva ikifa, kilichoandikwa tangu nakala ya mwisho kimepotea. Kwa seva ya mafaili ningeichagua hiyo kuliko Ceph iliyobanwa kwenye waya mmoja. Kwa duka la dawa linalotoa risiti kutwa nzima, ningemwomba mwenye duka asubiri mwezi mwingine kadi zipatikane.