Mshahara usiwe kufuli ya mdomo

Charlie Kirk, mwanaharakati wa mrengo wa kulia Marekani, alipigwa risasi na kufa tarehe 10 Septemba 2025 akiwa mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu huko Utah. Wiki haijaisha, watu wakaanza kumwaga unga. Walimu, wauguzi, wafanyakazi wa mashirika ya ndege: mmoja kashangilia waziwazi, mwingine kaandika tu kwamba hana huzuni, mwingine kakumbusha misimamo ya marehemu ambayo yeye hakuipenda. Picha za skrini zikasambaa, mwajiri akatagiwa, simu zikapigwa, barua zikatoka. Makamu wa Rais JD Vance, alipoongoza kipindi cha marehemu siku chache baadaye, aliwahimiza wasikilizaji kwamba wakimwona mtu anashangilia kifo kile wamtaje hadharani na wampigie mwajiri wake.

Wapo waliosema waliofukuzwa wamevuna walichopanda, kwa sababu silaha hiyo ya kumshtaki mtu kwa mwajiri wake ilikwisha kutumiwa na upande wao. Ni kweli. Baada ya maandamano ya wabaguzi wa rangi Charlottesville, Agosti 2017, watu mitandaoni walizichambua picha sura kwa sura, wakatafuta majina, wakawaendea waajiri, na baadhi ya waandamanaji wakapoteza kazi. Lakini haikupita hata miezi mitatu, mwanamke mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli nje kidogo ya Washington akauonyesha msafara wa Rais Trump kidole cha kati. Alipigwa picha kwa nyuma, sura haionekani. Alipowaambia wakubwa zake, kwenye kampuni yenye zabuni za serikali, kwamba yule wa kwenye picha ni yeye, akaachishwa kazi. Ndani ya mwaka huohuo mmoja, rungu lilelile liliwapiga watu ambao wasingekaa meza moja. Kila kambi hulilaani likiipiga, na hulishangilia likiwapiga wengine.

Waajiri nao wana lao, na lina uzito. Mgonjwa akisoma kwamba muuguzi wa wodi yake huandika usiku kuwa watu wa dini ya huyo mgonjwa hawastahili kuishi, huwezi kumwambia asiogope sindano. Mfanyakazi anayewatukana wenzake kwa rangi yao kwenye ukurasa wa wazi, kesho anaingia nao zamu moja. Biashara yenye watu sita ikisusiwa na wateja kwa sababu ya chapisho la mmoja, watano wasio na hatia nao hukosa mshahara. Tena kuna maneno yasiyohitaji mjadala kabisa: kutishia kuua, kuchochea watu wavamie wengine, kuanika siri za wagonjwa. Hayo yana sheria zake, na anayeyatenda asijifiche nyuma ya uhuru wa maoni.

Ila ukizifuatilia kesi moja baada ya nyingine, nyingi hazifanani na ile ya muuguzi wa wodini. Kinachoamua ni kelele. Kampuni haikai kupima kama kazi imeharibika; hupima simu zimepigwa ngapi tangu asubuhi. Ndiyo maana napenda kurudi kwenye kesi ya zamani, iliyouliza swali ambalo siku hizi halina wa kuliuliza.

Machi 1981, Rais Ronald Reagan alipopigwa risasi, karani mmoja katika ofisi ya konstebo (afisa wa polisi wa kuchaguliwa) wa kaunti ya Harris, Texas, alizisikia habari akiwa kazini. Akamwambia mwenzake, katika mazungumzo yao wawili, kwamba wakimwendea tena anatumaini watampata. Kuna aliyesikia, akayapeleka kwa bosi, na karani akafukuzwa. Maneno yenyewe ni mabaya, na mimi siyatetei. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1987, kwa kura 5 dhidi ya 4, karani akashinda. Majaji walitazama kazi yake. Alikuwa anaingiza taarifa kwenye kompyuta. Hakuwa askari, hakubeba bunduki, hakuhudumia umma, na ofisi haikuonyesha kwamba kauli yake ilivuruga shughuli yoyote. Aliyoyasema yalihusu mambo ya nchi, hata kama yalichukiza.

Kilichomwokoa ni kwamba mwajiri wake alikuwa serikali. Katiba ya Marekani huifunga mikono serikali, haigusi kampuni binafsi. Mtu akisema kama yule karani leo akiwa ameajiriwa na kampuni, katika sehemu kubwa ya nchi hiyo anaweza kutolewa jioni hiyohiyo bila mwajiri kuvunja sheria yoyote. Majimbo machache yameziba pengo hilo: California inakataza mwajiri kumwadhibu mtu kwa shughuli zake za kisiasa, na Connecticut imeupeleka ulinzi wa uhuru wa kusema hadi kwenye sekta binafsi. Wengineo hutegemea huruma ya bosi.

Na isidhaniwe kwamba kinachohatarisha ajira ni maneno makali tu. Mwaka 2016 nchini Uturuki, mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa usafi chini ya Wizara ya Elimu, si mtumishi wa umma bali mtu wa mkataba, alifukuzwa kwa sababu ya laiki. Hakuandika neno. Alibonyeza kupenda machapisho ya watu wengine kwenye Facebook, mengine yakiikosoa serikali, mengine yakigusa tuhuma za wanafunzi kudhulumiwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua mwaka 2021 kwamba haki yake ilivunjwa, iliangalia jambo lilelile la yule karani: huyu ni nani, kazi yake ni ipi, na sauti yake inafika wapi? Mahakama za nchini kwake hazikuwa zimejishughulisha kujua hata kama laiki zile zilionwa na watu wangapi. Ilimchukua miaka mitano kupata haki aliyonyimwa kwa sababu ya kubonyeza simu kwa kidole.

Hapa ndipo mjadala huu unaponiumiza zaidi, kwa sababu tunawahesabu waliofukuzwa na kuwasahau waliobaki. Aliyefukuzwa ni mmoja. Waliosoma habari zake wakiwa kwenye basi wakielekea kazini ni maelfu, na kila mmoja ameshajifunza somo lake. Hakuna takwimu ya watu hao, maana sentensi iliyofutwa kabla ya kutumwa haiachi alama. Unaandika aya mbili kuhusu bei ya dawa, vita, uchaguzi, au mgomo wa wafanyakazi wa kampuni nyingine kabisa. Unaisoma mara ya pili kwa macho ya afisa wa rasilimali watu. Unaondoa jina. Unalegeza neno. Mwisho unaifuta yote na kuweka picha ya maua. Juu ya ukurasa wako umeshaandika kwamba maoni haya ni ya kwako binafsi, lakini unajua vizuri kwamba mbele ya kamati ya nidhamu mstari ule haumkingi mtu.

Hasara ya kimya hicho haimwangukii mfanyakazi peke yake. Wanaolijua jambo kwa undani, mara nyingi, ndio walioajiriwa ndani yake. Mambo ya hospitali anayajua muuguzi, ya mgodi mchimbaji, ya ndege fundi. Machi 2020, korona ilipokuwa inaanza kushika kasi Marekani, daktari wa dharura huko Bellingham, jimbo la Washington, aliandika Facebook kwamba hospitali yake haijachukua hatua za kutosha kuwalinda wagonjwa na wafanyakazi. Akaondolewa kwenye zamu zake hospitalini hapo. Hospitali inaweza kuwa na maelezo yake, na ina haki ya kuyatoa. Lakini jiweke kwenye nafasi ya daktari mwingine, hospitali nyingine, wiki hiyohiyo, mwenye barakoa moja ya siku nzima. Ataandika? Na wewe mgonjwa, ungependa anyamaze?

Vifungu vya mikataba havichori mpaka kati ya daktari huyo na mtu anayetukana watu. Vinasema mfanyakazi asifanye lolote la kuidhalilisha au kuichafulia kampuni jina. Kifungu kimoja kipana namna hiyo humkamata mbaguzi, humkamata anayefichua uzembe, na humkamata aliyemkasirisha tu mteja mkubwa kwa msimamo wake juu ya vita vya mbali. Nani ni nani ataamua mwajiri, na ataamua saa ambayo simu zinaita.

Nikubali kesi iliyo ngumu kwangu. Mwaka 2004, huko Bradford, Uingereza, dereva mmoja alikuwa akisafirisha watoto na watu wazima wenye ulemavu, wengi wao wenye asili ya Asia. Hakuna aliyewahi kuilalamikia kazi yake, na msimamizi wake, ambaye naye ana asili ya Asia, alikuwa amempendekeza kuwa mfanyakazi bora. Ikajulikana kwamba anagombea udiwani kwa tiketi ya BNP, chama ambacho wakati huo uanachama wake ulikuwa wa wazungu tu. Akachaguliwa mwezi Juni, na mwezi huohuo akafukuzwa. Nikijiweka mahali pa mzazi wa mmoja wa watoto wale, moyo wangu ungekuwa juu kila asubuhi gari linapoondoka. Kampuni haikuwa na hofu ya kubuni.

Hata hivyo, mtu huyu hakupata pa kuhoji kama kuachishwa kwake kulikuwa kwa haki. Sheria ya Uingereza wakati ule ilitaka mtu awe ametimiza mwaka kazini ndipo alalamikie kuachishwa isivyo haki, na yeye alikuwa na miezi michache tu. Novemba 2012 Mahakama ya Ulaya iliona, kwa kura 4 dhidi ya 3, kwamba haki yake ya kujiunga na chama haikulindwa. Haikutamka kwamba kampuni lazima imbakishe kwenye gari lile. Ilisema mtu anayepoteza riziki kwa sababu ya siasa zake lazima awepo wa kulipima jambo lake: je, angepewa kazi nyingine? Abiria walidhurika? Mwaka uliofuata Uingereza ilibadilisha sheria, ikaondoa sharti la muda kwa anayefukuzwa kwa sababu ya maoni au chama chake cha siasa. Kwangu hilo ni jibu la haki hata kwa mtu ambaye chama chake nakichukia, na sioni namna ya kumdai mwajiri haki hiyo kwa ajili ya yule mfanyakazi wa usafi wa Uturuki huku nikimnyima dereva wa Bradford.

Maandishi ya kisheria yapo. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unayataja maoni ya kisiasa sambamba na rangi, jinsia na dini kama jambo lisilopaswa kumbagua mtu kazini. Marekani haijauridhia hadi leo. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Tanzania ya mwaka 2004 zote zinayataja maoni ya kisiasa. Tatizo ni kwamba barua ya kuachishwa haiandiki kamwe kwamba sababu ni maoni. Inaandika kuichafulia kampuni jina, mwenendo usiofaa, au imani iliyovunjika, kisha ni juu ya mfanyakazi asiye na mshahara kuthibitisha kilichofichwa nyuma ya maneno hayo. Mzigo huo ungepaswa kuwa wa mwajiri: aonyeshe ni mgonjwa gani alikosa huduma, ni abiria gani alidhurika, ni zamu ipi iliharibika, na ampe mtu nafasi ya kujieleza akiwa bado analipwa, siku ambayo simu zimekwisha kunyamaza.